Bakteria wa mtindi hawaweki makazi ya kudumu tumboni

Wengi huamini kwamba bakteria wanaomezwa pamoja na mtindi huweka makazi ya kudumu tumboni. Imani hiyo haikuzuka hivihivi, kwani mtindi usiochemshwa baada ya kuganda huwa na bakteria hai; lakini kustawi katika maziwa ni jambo moja, na kuishi utumboni ni jingine.

Utumbo mpana una oksijeni kidogo mno, na kabla ya kuufikia, bakteria hupita kwenye asidi na nyongo. Bakteria wakazi wa utumbo huo wamezoea hali hiyo kwa vizazi vingi: mmoja wao, Bacteroides thetaiotaomicron, huvunja nyuzinyuzi za mimea na, zinapoadimika, hula ute unaofunika ukuta wa utumbo, ilhali bifidobakteria wa watoto wachanga hula sukari za maziwa ya mama ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Bakteria wa mtindi, waliozoea laktosi (sukari ya maziwa), kwa kawaida hutoweka kwenye choo siku chache baada ya mtu kuacha kuunywa, jambo ambalo haliufanyi mtindi kuwa chakula duni.

Anayesoma tangazo la bidhaa zenye bakteria hai kama mtindi aangalie iwapo aina ya bakteria imetajwa, iwapo ilijaribiwa kwa watu na si kwa panya pekee, na iwapo vipimo viliendelea baada ya matumizi kusitishwa.