Je, wajua kwa nini ng'ombe hukonda kiangazi ilhali tumbo limejaa nyasi?

Baada ya masika, nyika za Handeni na Kilindi mkoani Tanga hukauka huku nyasi bado zikifika magotini. Ng'ombe hushinda machungani na jioni hurudi matumbo yamejaa. Hata hivyo, kiangazi kikisonga mbavu zinahesabika na maziwa yamekatika. Wengi hukimbilia dawa ya minyoo. Huenda minyoo ipo, lakini mara nyingi kiini cha tatizo ni nyasi zenyewe.

Ng'ombe hameng'enyi nyasi peke yake. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu vinavyoishi kwenye tumbo lake kubwa, navyo vinahitaji protini. Nyasi changa za masika huweza kuwa na protini asilimia 10 au zaidi. Zikishachanua na kukomaa, virutubisho vinakwenda kwenye mbegu na mizizi, shina linakuwa gumu, na protini inaweza kushuka hadi asilimia 3 au 4. Chini ya asilimia 7 hivi vijidudu hudhoofu, nyasi hukaa tumboni muda mrefu bila kusagika, na kwa kuwa nafasi haijapatikana, ng'ombe hali tena vya kutosha. Tumbo limejaa, lakini anaishi kwa kutumia nyama na mafuta ya mwili wake.

Ndiyo maana chakula cha kiangazi huandaliwa masika ikielekea ukingoni. Nyasi za hei, yaani za kukaushwa na kuwekwa akiba, zikatwe zinapoanza kutoa maua. Anayengoja zirefuke zaidi hupata marobota mengi, kweli, lakini ni marobota ya vijiti.

Muheza, Pangani na Mkinga kuna kikwazo kingine: unyevu wa pwani, na mvua za hapa na pale hata masika ikiisha. Hei ikifungwa kabla haijakauka hupata joto ndani na kuota ukungu, na ng'ombe huikataa, au akiila humdhuru. Zianike tabaka jembamba, zigeuze mara mbili kwa siku, kwa siku 2 au 3 za jua kali. Kisha chukua bua moja, kwangua kifundo chake kwa ukucha. Ukucha ukilowa, rudisha juani. Kifundo kikiwa kikavu na bua likakatika ukilisokota, funga. Majani yabaki na ukijani na harufu nzuri. Yakiwa ya kahawia yamepigwa na jua au mvua kupita kiasi.

Mashine si lazima. Sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sm 85, upana sm 55 na kina sm 45, hutoa robota la kilo 20 hivi likishindiliwa vizuri kwa miguu. Tandaza kamba mbili ndani kabla ya kujaza. Marobota yapangwe juu ya kichanja, chini ya paa, yasiguse ardhi.

Sasa hesabu. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hula takriban kilo 7 za hei kwa siku. Kwa siku 100 ni kilo 700, yaani marobota 35. Ng'ombe kumi wanahitaji 350, na wafugaji wengi hawafikii hapo. Kwa hiyo hei iwekewe ndama, wenye mimba na wanaokamuliwa. Waliobaki wale nyasi kavu za machungani, ila wapewe protini kidogo ya kuamsha vijidudu: nusu kilo hadi kilo moja ya mashudu (makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa) ya pamba au alizeti kwa siku, au majani ya mti wa lusina. Lusina isizidi theluthi ya chakula chote, kwa kuwa ikizidi ina sumu.

Mabua ya mahindi nayo huboreshwa kwa mbolea ya urea. Yakatekate, yeyusha kilo 4 za urea kwenye lita 60 za maji, nyunyizia sawasawa kwenye kilo 100 za mabua makavu, shindilia na funika kwa nailoni hewa isipite kwa wiki 3. Ukifungua, acha harufu kali ipungue kwanza. Anza na kidogo, ongeza taratibu kwa wiki moja au zaidi. Ndama wa chini ya miezi 6 na punda wasipewe kabisa. Maji ya urea yasiachwe mahali ng'ombe anaweza kuyafikia. Akiyanywa hufa upesi.

Maji ya kunywa nayo yasisahauliwe: anayekula nyasi kavu anahitaji maji mengi, na akinyweshwa siku moja na kurukia nyingine, ulaji wake unashuka.

Malisho ya kutegemea kiangazi yafungwe mvua ikianza, kama Wasukuma wanavyofanya kwa ngitili na Wamaasai kwa alalili. Yakifunguliwa, ng'ombe waondolewe nyasi zikibaki sm 10 hivi. Zikiliwa hadi chini, mizizi hufupika na mvua ijayo hukuta udongo mtupu.

Mtego wa mwisho huja na mvua za kwanza za vuli. Ng'ombe huona chipukizi, huacha nyasi kavu, hutembea kutwa wakifuata majani yenye maji tele na chakula kidogo, kisha wanaharisha. Chipukizi hizo zinaota kwa akiba iliyomo mizizini. Zikiliwa mapema, mmea unaweza kufa. Bakiza hei ya wiki 2 au 3 kwa kipindi hicho, na uwazuie hadi nyasi zifike sm 20 hivi.