Kitabu cha katuni cha usiku: hesabu, wino na maneno marefu

Kazi iliyo mezani kwangu sasa ni kitabu cha wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, kurasa 24, na karibu chote kinatokea usiku ziwani, upande wetu huu wa Kisumu. Anayetaka kujua mchora katuni hushinda akifanya nini, nitamweleza kwa kitabu hiki, maana kimekusanya matatizo yetu yote: giza, wavu, mashua iliyojaa watu, na Kiswahili, lugha tamu masikioni lakini nene ndani ya kiputo, lile puto la maneno ya mhusika.

Penseli huja baadaye. Kwanza ni hesabu ya karatasi. Kitabu kinachobanwa kwa pini mgongoni hutengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa: A4 moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5. Kwa hiyo idadi ya kurasa sharti igawanyike kwa nne. Karatasi 6, kurasa 24. Hadithi ikikuishia ukurasa wa 22, ongeza mbili au punguza mbili. Nusu karatasi haishikiki kwa pini. Jalada huwa karatasi ya peke yake, gramu 250 kwa mita ya mraba, na ndani natumia gramu 100. Mpiga chapa akikuambia “kurasa 28” hajakosea, amehesabu na zile nne za jalada. Ugomvi mwingi wa bei huanzia hapo, basi andika kwenye oda: 24 ndani, 4 jalada.

Katika kitabu cha kurasa 24, kurasa zinazolala upande mmoja wa karatasi hujumlika kuwa 25: wa 1 na wa 24, wa 2 na wa 23, hivyo hivyo hadi wa 12 na wa 13. Hizo mbili za mwisho ndizo pekee zinazotazamana zikiwa kwenye karatasi ileile. Picha yangu kubwa, taa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine, nimeiweka hapo. Ningeiweka kwenye 8 na 9, nusu zake zingetoka kwenye karatasi mbili tofauti, na kosa la milimita moja wakati wa kukunja lingekata mashua kiunoni. Kurasa za witiri hukaa kulia. Jambo la kumshtua msomaji liweke ukurasa wa shufwa, ili alikute anapofunua, asilione kwa pembe ya jicho kabla ya wakati wake.

Sasa maneno, ambako ndiko vitabu vingi vya Kiswahili huharibikia. Neno “hawakutufahamisha” lina herufi 17. Kwa herufi kubwa za pointi 8, neno hilo peke yake hula kama sentimita 3. Ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148. Toa 8 za ukingo wa nje na 12 za upande wa mgongo, zinabaki 128. Gawanya visanduku vitatu vya picha vyenye nafasi ya milimita 4 kati yake, kila kimoja kina milimita 40. Neno moja limekwisha kula robo tatu ya kisanduku, na mtu hajachorwa hata pua. Ndiyo maana safu yenye mazungumzo naipa visanduku viwili, na vitatu naviachia matendo ya kimya: mkono unavuta kamba, taa inawashwa, mtu anatema maji.

Naandika maneno yote kwenye vijipicha vya mwanzo, vile vidogo vya ukubwa wa kiberiti, kabla sijachora uso wa mtu. Kiputo hakipachikwi mwishoni palipobaki nafasi. Kipimo changu ni maneno 15 kwa kiputo na 80 kwa ukurasa. Yakizidi, mwandishi akate au aongeze ukurasa, na akiongeza, anaongeza nne. Kiputo cha Kiswahili kiwe kipana na bapa, chenye pembe za mviringo. Duara kamili linapoteza nafasi juu na chini, kisha linabana neno refu katikati. Ikibidi neno likatwe, likatwe kwenye silabi: “hawakutu-fahamisha”, kamwe si “hawakutuf-ahamisha”. Usitenganishe ng' wala mbw.

Ritifaa ya ng' nayo ina visa vyake. Fonti nyingi za katuni hazikutengenezwa na mtu anayeandika NG'OMBE mara kumi kwa ukurasa. Nyingine hazina ritifaa kabisa, programu inaazima ya fonti jirani, na inaonekana kama kinyesi cha nzi. Nyingine huigeuza ikawa alama ya kufungua nukuu. Kabla ya kununua fonti iandikie NG'AMBO, NG'OMBE, MBWA na NYWELE, uchapishe kwa ukubwa halisi, kisha uisome mkono ukiwa umenyooka. Na wavuvi wakiitana “omera”, yaani ndugu kwa Kijaluo, neno naliacha hivyo hivyo bila nyota wala maelezo chini ya kisanduku.

Msomaji anaanza kushoto, basi anayetangulia kusema akae kushoto. Ndani ya mashua hili si dogo. Watu hawawezi kubadilishana viti kila kisanduku kama abiria wa tuktuk wanaosubiri chenji. Nahoda yuko nyuma, naye atabaki nyuma. Unachoweza kubadilisha ni upande unaoitazamia mashua. Naanza kwa kuuliza nani anasema kwanza, ndipo niamue mashua ielekee wapi.

Omena huvuliwa zaidi usiku usio na mwezi. Taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola, huelea juu ya maji kuvuta samaki, kisha wavu unazungushwa. Kwa mchoraji maana yake ni moja: mwanga unatoka chini. Vivuli vya pua na nyusi hupanda juu, shingo inang'aa, paji la uso linatiwa giza. Ukiweka mwanga wa kawaida wa kutoka juu, msomaji wa Dunga, ufukwe wa wavuvi hapa Kisumu, atajua kuwa hujawahi kusimama ufukweni usiku. Wavu usiuchore miraba. Matundu yake ni madogo mno, kwa umbali unaonekana kama shuka lililolowa, chora mikunjo. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa na mashua nyingi hulala nchi kavu. Huo ni wakati mzuri wa kwenda na kijitabu kujifunza umbo la tumbo la mashua, kitu usichokiona ikiwa majini.

Weusi mwingi una gharama. Kwenye karatasi ya gramu 80, ukurasa uliojaa wino huonekana upande wa pili. Ndiyo sababu nikachagua 100. Wino mzito usiokauka vizuri hujipiga muhuri kwenye ukurasa unaoutazama. Mistari myeupe ndani ya weusi hujaa wino na kupotea ikiwa chini ya milimita 0.3. Mimi nachora kwenye A3, ambayo ni mara mbili ya A5 kila upande, kwa hiyo mwali wa taa au kamba nyeupe inaanzia milimita 0.6 kwenye karatasi yangu. Mstari mweusi una uhuru zaidi, lakini chini ya 0.2 kwenye A3 naona ni kucheza kamari. Jalada jeusi huchubuka kwenye mkunjo na kuacha ufa mweupe, hasa likichapwa kwa mashine ya leza, ile ya wino wa unga. Agiza lipigwe mkunjo kwa chuma kwanza, kisha lifunikwe kwa plastiki laini. Kwa weusi mpana wa jalada changanya kwa asilimia: samawati 60, waridi 40, njano 40, nyeusi 100. Herufi ziwe nyeusi 100 peke yake, la sivyo karatasi ikisogea kidogo mashineni kila herufi itavaa kivuli cha rangi.

Unyevu wa ziwa nao una neno. Karatasi iliyolala mezani usiku kucha katika msimu wa mvua hujikunja, na wino unasambaa kwenye nyuzi. Naihifadhi bapa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na ninapochora naibana pembe zote nne kwa tepu ya karatasi. Kipande cha karatasi safi kikae chini ya kiganja, maana ngozi huacha mafuta na wino haushiki juu ya mafuta. Penseli ni HB kwa mkono mwepesi. 2H huchimba mfereji, kisha nibu inateleza humo. Raba isubiri. Wino ulio mkavu juu bado unaweza kuwa mbichi ndani, na ukifuta mapema weusi wako unageuka kijivu. Mimi nafuta kesho yake.

Skana ya A3 ni adimu, kwa hiyo ukurasa unaskaniwa nusu mbili, ya juu na ya chini, zinazopishana kidogo katikati. Chora misalaba midogo nje ya visanduku, kushoto na kulia, pale zinapopishana, ndipo upate pa kuziunganishia. Skani kwa kijivu ili ukurasa uliokamilika ubaki na pikseli 600 kwa inchi, kisha ugeuze kuwa nyeusi na nyeupe tupu. Faili ya A5 pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande ni milimita 154 kwa 216, yaani pikseli 3638 kwa 5102. Simu haifai hapa, lenzi yake inapinda mistari ya pembeni. Na kwa jinsi stima inavyopotea mvua ikianza, hifadhi kila unaponyanyua kikombe cha chai.

Ukurasa mmoja hunila saa 12 hivi: vijipicha na maneno 3, penseli 4, wino 4, skani na usafi 1. Mara 24 ni saa 288. Kwa saa 6 za kweli kwa siku, siku tano kwa wiki, ni karibu wiki 10. Mteja akitaka kwa nusu ya muda huo, aajiri wachoraji wawili, au kitabu kiwe na kurasa 12.

Kazi za mashirika, zile za afya na usafi wa maji, ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, na ndizo zenye mteja anayekumbuka sentensi tatu zaidi baada ya wino kukauka. Mabadiliko ni bure kwenye vijipicha, awamu mbili kwenye penseli, na baada ya wino yanalipiwa. Malipo nagawa asilimia 40 kabla, 30 penseli ikikubaliwa, 30 faili zikitoka. Usishangae malipo yakikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti chake. Jambo wengi hawalijui ni kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001: kazi ukiagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmeandikiana vinginevyo. Ukitaka mhusika wako abaki wako, mstari huo uwe kwenye mkataba kabla ya kupokea hata shilingi.

Kitabu cha omena kitatoka pia kwa simu, na hapo hakuna kupunguza ukubwa tu. Ukurasa wa A5 ukibanwa kwenye kioo cha simu, pointi 8 zinakuwa chini ya 4. Kila kisanduku kinakatwa, kinapangwa kushuka chini kwa upana wa pikseli 800, na maneno yanaandikwa upya. Hilo linawezekana kwa sababu maneno yote yako kwenye tabaka lake, na nyuma ya kila kiputo nimechora mchoro kamili: maji, kamba, bega la mtu. Ni kama nusu saa zaidi kwa ukurasa.

Baada ya hicho kuna kijitabu cha watoto cha kurasa 8 kutoka A4 moja, kinachochapwa upande mmoja, kinakunjwa mara tatu na kukatwa mkato mmoja katikati. Kila ukurasa ni milimita 74 kwa 105, hauhitaji pini, na mashine yoyote ya fotokopi inatosha. Kurasa nne kati ya nane huchorwa kichwa chini. Kunja karatasi tupu kwanza, zitie namba kwa penseli, uifunue, ndipo uanze.