Kusasisha si kupandisha, na kupiga window ni jambo la tatu

Shemeji kanipigia simu jana usiku. "Shem, laptopu inasema Windows 10 imefika mwisho. Niapudeti?" Nikamuuliza: kusasisha au kupandisha toleo? Akacheka. "Si yote kuapudeti tu?"

Siyo yote. Kusasisha ni kuubandika viraka mfumo endeshi ulionao, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, kama Windows: nyufa za usalama zinazibwa, hitilafu zinarekebishwa, mfumo unabaki ule ule. Kupandisha toleo ni kuuacha na kuhamia unaofuata, kwa kawaida mafaili na programu zako zikibaki. Mwanafunzi anayenakili notisi alizokosa hajapanda darasa.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Kusasisha limetokana na "sasa", kama kusafisha na "safi", kurahisisha na "rahisi". Kukifanya kitu kiwe cha sasa, basi. Ni neno la adabu, halijisifu. Linaloniudhi ni "kuboresha", ambalo tafsiri nyingi za kompyuta zinalitumia kwa maana ya kupandisha toleo. (Ni kuboresha, si "kuborisha": o ya mzizi huvuta e. Wanaoandika vingine tutaonana siku nyingine.) Tatizo la neno hili ni kwamba limeshatoa hukumu kabla mtu hajauliza swali. Nani atakataa kuboresha? Lakini Waswahili haohao tunajua fika kwamba elimu bora na bora elimu ni vitu viwili. Windows 11 kwenye mashine ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 4GB, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa kilichowekwa, ni bora toleo. Itawaka, ndiyo. Fungua Excel na kivinjari kwa pamoja, halafu nenda kachemshe chai.

Microsoft nao wamechangia mkanganyiko, maana mwaliko wa kuhamia Windows 11 unaukuta kwenye ukurasa uleule wa kupokea viraka vya kila mwezi. Mtu anabonyeza akidhani anaziba ufa, kumbe anahama nyumba. Kama umebonyeza na unajuta, una siku 10 za kurudi ulikotoka kupitia mipangilio.

Halafu kuna "kupiga window". Kitenzi "piga" kimeshameza pasi, deki, mswaki na picha. Hatuwezi kushangaa kikimeza na Windows. Hili silichukii hata kidogo, kwa sababu halifichi kitu: kinachopigwa kinaumia. Ni kufuta sehemu ya diski yenye mfumo na kusimika upya. Mwaka juzi nilimpelekea fundi laptopu nikamwambia "niapudetie". Nilirudishiwa mashine nyepesi ajabu, desktopu tupu, pipa la taka peke yake pembeni, na picha za msiba wa bibi hazipo. Nilimlaumu njia nzima hadi nyumbani. Baadaye nikakubali kwamba neno nililompa lilikuwa na maana tatu, naye akachagua ile anayoifanya mara 5 kwa siku.

Turudi kwa shemeji. Yake ni HP EliteBook 840 G3, mtumba wa Dubai, prosesa ya kizazi cha 6. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 rasmi inaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Angekuwa na G5, ndugu yake aliyetoka baadaye, tungekuwa na la kujadili. Kuna njia za kulazimisha, ila kwa mashine ya kutengenezea ankara za duka sizishauri. Ni kweli kwamba Windows 10 ilifikishwa mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, lakini "mwisho" hapo ni wa viraka vya kawaida, kompyuta haizimiki. Upo mpango wa nyongeza wa viraka vya usalama, uliotangazwa kuwa hadi 13 Oktoba 2026, na unajiandikisha mle mle kwenye mipangilio.

"Kwa hiyo niapudeti au nisiapudeti?"

Sasisha, shem. Jiandikishe kwenye hiyo nyongeza, usasishe leo hii kama bando linaruhusu. Kupandisha, hiyo haipandi. Na ukienda kwa fundi, tafadhali usitumie neno ulilonitumia mimi.