Je, Wajua Kwa Nini Mlima Kilauea Hauna Mto, Ilhali Maporomoko ya Maji Yako Jirani Tu?

Ziara ya siku moja katika Kisiwa cha Hawaii, ambacho ni kikubwa kuliko visiwa vingine vyote vya jimbo la Hawaii nchini Marekani, kwa kawaida huunganisha mambo mawili: volkano hai ya Kilauea na maporomoko ya maji yaliyo karibu na mji wa Hilo. Wasafiri wengi huyachukulia kuwa vivutio viwili visivyohusiana, vilivyowekwa katika ratiba moja kwa sababu tu vinafikika kwa gari lilelile. Lakini anayetazama nje kwa makini huanza kushangaa. Kileleni mwa Kilauea hunyesha mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ukungu hutanda, na makangaga yaliyozidi kimo cha mtu hudondosha maji kutwa nzima. Hata hivyo, mlima wote hauna hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mwendo wa saa moja na ushee kutoka hapo, kwenye miteremko ya mlima Mauna Kea, barabara inayoelekea kaskazini mwa Hilo huvuka daraja baada ya daraja, na chini ya kila daraja kuna kijito kinachoshuka kwa kishindo kuelekea baharini. Ikiwa mvua inanyesha pande zote mbili, ile ya Kilauea huenda wapi?

Jibu limo katika umri wa mwamba. Lava changa, yaani mwamba ulioyeyuka uliotoka volkanoni na kuganda si zamani sana, hunywa maji yote yanayoiangukia, na mto hauwezi kuzaliwa mpaka lava hiyo izeeke, ioze na kugeuka udongo unaoweza kuyazuia maji yasizame. Maporomoko ya Hawaii, kwa hiyo, ni kazi ya volkano sawa na kreta zenyewe, yale mashimo yake makubwa, ila ni kazi iliyochukua makumi ya maelfu ya miaka kukamilika.

Kwanza tuiondoe mvua katika orodha ya washukiwa. Karibu mwaka mzima pepo huvuma kutoka kaskazini-mashariki zikiwa zimebeba unyevu wa Bahari ya Pasifiki, na zinapokutana na Mauna Kea yenye urefu wa mita 4,207 na Mauna Loa yenye mita 4,169, hulazimika kupanda, kupoa na kumwaga maji yake upande wa mashariki. Ndiyo maana Hilo hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, huku baadhi ya sehemu za pwani ya magharibi zikipata mvua kidogo mno, kama nchi ya nusu jangwa. Kilele cha Kilauea kimo upande wenye neema. Maji yapo, kinachokosekana ni ardhi ya kuyabeba.

Watu wa Hawaii wana majina mawili ya lava iliyoganda, na wataalamu wa miamba duniani kote wameyachukua jinsi yalivyo: pahoehoe na aa. Pahoehoe ina uso laini uliojikunja kama kamba zilizolazwa pamoja, na aa ni rundo la vipande vyenye ncha kali ambavyo hukata soli za viatu. Ukimimina maji ya chupa juu ya pahoehoe mpya, yatateleza kwanza juu ya ngozi yake inayong'aa kama kioo, yatajikusanya katika kibonde kidogo, kisha yatafika kwenye ufa wa kwanza na kumezwa. Ukiyamimina juu ya aa hutayaona yakitiririka hata kidogo. Lava inapopoa husinyaa na kupasuka, na gesi iliyokuwa ndani yake huacha matundu mengi. Mkondo mpya unapoufunika wa zamani, kati yao hubaki changarawe na mianya. Mlima uliojengwa kwa maelfu ya mikondo ya namna hiyo ni chujio kubwa kuliko linavyoweza kufikirika.

Ukitaka kuuona mto uliopotea, ingia katika pango la Nahuku, ambalo pia huitwa Thurston. Ni mfereji wa lava wenye umri wa takriban miaka 500. Uliundwa pale ngozi ya juu ya mkondo ilipoganda huku lava iliyo ndani ikiendelea kutiririka, mpaka ikaisha na kuacha njia tupu ambayo watu wazima wanaweza kutembea ndani yake bila kuinama. Waongoza watalii huwahimiza watu waangalie upana wa pango, na ni haki yao, lakini mimi ningemwomba msafiri anyamaze kidogo na kutega sikio. Darini hutokeza mizizi myembamba ya miti ya ohia lehua inayoota juu, na kwenye ncha za mizizi hiyo hujikusanya matone yanayoanguka moja baada ya jingine sakafuni, na kuacha vidimbwi vyeusi ambavyo havidumu. Hiyo ni mvua iliyonyesha juu ya msitu, ikiwa njiani kushuka.

Maji hayo yakikutana na mwamba wenye joto hurudi juu. Karibu na ukingo wa kaldera, yaani bonde pana la kileleni lililotokana na kuporomoka kwa ardhi, kuna mahali ambapo mvuke mweupe hupanda kutoka kwenye nyufa za ardhi, na wageni wengi hudhani ni moshi wa volkano. Kwa sehemu kubwa ni maji ya mvua yaliyozama, yakagusa miamba ambayo bado ni moto, na kurudi yakiwa mvuke. Ndiyo sababu asubuhi ya baridi mvuke huonekana mzito zaidi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulijitokeza wenyewe. Mwaka 2018 Kilauea ilitoa lava nyingi mno kupitia nyufa za upande wa mashariki, chini kabisa karibu na pwani, na zaidi ya nyumba 700 zikaangamia. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao bado umo ardhini, iliyokuwa chini ya kilele ilipokwisha kuhama, sakafu ya kaldera ilikosa mhimili na ikaporomoka kwa awamu, na kreta ya Halemaumau iliyo ndani yake ikazama kwa takriban mita 500. Mnamo Julai 2019 watazamaji waliona kidimbwi cha maji ya rangi ya kijani katika sehemu ya chini kabisa ya shimo hilo. Hakikuwa dimbwi la mvua ya siku moja, kwa maana kiliendelea kupanuka mwezi baada ya mwezi, mpaka kikawa ziwa lenye kina cha takriban mita 50. Shimo lilikuwa limezama chini ya usawa wa maji ya ardhini, na maji yaliyokuwa yamejificha ndani ya mlima yakaanza kuingia kutoka kando. Halafu, usiku wa tarehe 20 Desemba 2020, lava ilipasua tena kuta za kreta, ikamiminika ndani ya ziwa, na kwa saa chache maji yote yakachemka na kupaa yakiwa wingu la mvuke. Katika historia yote iliyoandikwa ya Kilauea hakuna aliyewahi kuona ziwa la maji kileleni kabla ya hapo. Maji, hata hivyo, hayakuwa mageni. Yalikuwa humo siku zote.

Yale ambayo hayarudi kwa njia ya mvuke huendelea kushuka polepole hadi baharini. Ziara nyingi husimama Punaluu, pwani ya mchanga mweusi iliyo kusini mwa kisiwa, ambapo wageni hupiga picha za kasa waliolala juu ya mchanga. Mchanga huo ni lava iliyopasuka vipande vidogovidogo na kusagwa na mawimbi. Lakini jina la mahali hapo linaeleza jambo jingine: Punaluu ni chemchemi inayopigiwa mbizi. Wakazi wa kale walijua kwamba maji matamu hububujika chini ya maji ya bahari karibu na ufuko, hivyo walipiga mbizi wakiwa na vibuyu, wakavijaza pale chemchemi inapotokea, na kupanda navyo juu. Anayeogelea hapo leo huhisi mikondo ya ubaridi mkali ikipita katikati ya maji ya uvuguvugu. Mto wa nchi ya lava changa una mdomo wake chini ya bahari, na nadhani hicho ndicho kituo chenye maana kubwa kuliko vyote katika safari hiyo, ingawa mara nyingi hupewa dakika chache kuliko vingine.

Sasa twende upande wa pili. Takriban asilimia 90 ya uso wa Kilauea imefunikwa na lava isiyozidi umri wa miaka 1,000 hivi. Mauna Kea haijalipuka kwa zaidi ya miaka 4,000, na miteremko yake ya mashariki imejengwa kwa lava ya zamani zaidi, yenye umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Katika muda huo mvua imekuwa ikifanya kazi bila kupumzika. Maji yenye asidi kidogo huyashambulia madini ya mwamba na kuyageuza kuwa udongo wa mfinyanzi, ambao chembe zake ndogo huziba matundu na nyufa. Majivu yaliyorushwa na milipuko ya kale yalitua juu ya lava na kuoza upesi kuliko lava yenyewe, yakaacha blanketi nene la udongo ambalo maji huchelewa kulipenya. Mimea huongeza kasi. Ohia lehua huota katika ufa wa lava ambayo haina udongo wowote, na majani yake yakianguka na kuoza ndipo udongo wa kwanza huanza kuonekana. Siku ambayo mvua kubwa hunyesha kwa kasi kuliko ardhi inavyoweza kuimeza, maji ya ziada hutafuta mteremko, na mfereji wa kwanza huchimbwa.

Kuwa na mto, hata hivyo, si sawa na kuwa na maporomoko. Mto wa kawaida huulainisha mteremko wake kadiri unavyozeeka; kwa nini huu uanguke wima? Hapa tena volkano ndiyo fundi. Mkondo mmoja wa aa una moyo mgumu wa basalti, mwamba mweusi wa volkano, uliobanwa kati ya tabaka mbili za changarawe, chini na juu. Mto ukikata mlima wenye mikondo mingi iliyopangwa hivyo, hukutana na tabaka gumu, kisha laini, kisha gumu. Maji yanayoanguka huchimba dimbwi chini, mirindimo yake hula tabaka laini lililo nyuma, na tabaka gumu la juu hubaki likining'inia kama dari isiyo na ukuta, mpaka lizidiwe na uzito wake na kukatika. Genge linarudi nyuma, lakini linabaki wima.

Waianuenue, maporomoko ya mita 24 yaliyomo mjini Hilo, yanaonyesha jambo hili waziwazi. Jina lake ni maji ya upinde wa mvua, na asubuhi yenye jua upinde huo huonekana kweli katika manyunyu yake. Nyuma ya pazia la maji kuna pango pana lenye giza, ambalo simulizi za wenyeji hulitaja kuwa makao ya Hina, mama yake Maui, shujaa wa hekaya. Mto wenyewe, Wailuku, una urefu wa takriban kilomita 45 na hufuata kwa sehemu kubwa mpaka ambapo lava ya Mauna Loa imeegemea mgongo wa Mauna Kea. Juu kidogo ya hapo kuna mfululizo wa mashimo ya duara ambayo maji yake huchemka kwa macho tu, kwa sababu hayana joto lolote. Kinachoyatibua ni mkondo unaopita chini ya mwamba kutoka shimo moja hadi jingine. Kuta za mashimo hayo zina nguzo za basalti zenye pande tano au sita, alama ya lava nene iliyopoa taratibu.

Kuna jambo la usalama ambalo haliwezi kutenganishwa na haya yote. Wailuku maana yake ni maji ya maangamizi, na waliouita hivyo hawakutia chumvi: mvua inaweza kunyesha mlimani mbali, huku Hilo kukiwa na jua, na mto ukafurika ghafla. Kwa hiyo mwongozaji anapokataza watu kuogelea hapo, asibembelezwe. Vivyo hivyo kule Kilauea, wenye pumu wanapaswa kuuliza hali ya gesi ya salfa kabla ya kushuka garini.

Kituo cha mwisho katika ziara nyingi ni Akaka, ambapo kijito cha Kolekole huanguka mita 135 kwa mruko mmoja. Ukuta ulio nyuma ya maji umejengwa kwa mikondo ya lava iliyolala mmoja juu ya mwingine, na mimea imejishika kwenye mistari ya katikati, pale mwamba ulipo laini. Katika ukuta huo hupanda samaki mdogo anayeitwa oopu alamoo. Mayai yake huanguliwa kijitoni, vifaranga husombwa hadi baharini, na baada ya miezi kadhaa hurudi mdomoni mwa kijito na kuanza safari ya kwenda juu. Mapezi yake mawili ya tumboni yameungana kuwa kama kikombe kinachong'ang'ania mwamba. Hujivuta kidogo, hushikilia, hupumzika, kisha hujivuta tena, maji yakimpiga, mpaka afike juu ya Akaka, ambako huishi na kutaga. Ili aweze kukamilisha mzunguko huo anahitaji kijito kisichokauka kuanzia mlimani hadi baharini, na katika pwani yote ya Kilauea hakuna hata kimoja.