Je, wajua kwa nini maji ya kiwanda cha nguo yakishatoka rangi bado si safi?

Uzi wa pamba ukitolewa kwenye birika la nili hauna rangi ya buluu. Hutoka na umanjano wa kijani kama wa jani changa, kisha hewa ikiupiga hugeuka mbele ya macho, na baada ya muda mfupi tu ni buluu ile tunayoijua kwenye suruali za jinzi. Kugeuka huko kunaeleza mengi kuhusu majitaka ya viwanda hivi.

Nili haiyeyuki katika maji. Ukitia unga wake ndani ya ndoo na kukoroga, unga utatifuka kama vumbi na mwishowe kutuama chini. Ili ipenye kwenye nyuzi, kiwanda huiyeyusha kwa hila ya kikemia: birika hutiwa kostiki soda pamoja na sodiamu dithionaiti, kemikali inayoipa molekuli ya nili elektroni. Nili hubadilika ikawa aina inayoyeyuka, yenye umanjano. Uzi huchovywa, hupitishwa hewani, huchovywa tena, mara 6 hadi 8 na wakati mwingine zaidi, kwa kuwa kila mchovyo huacha utando mwembamba tu wa rangi. Oksijeni ndiyo inayoirudishia nili ubuluu wake na kuifungia humo. Ile isiyoshika vizuri huondoka na maji ya kusuuzia.

Kwa hiyo maji yanayotoka hapo hubeba chembe za nili, lakini hubeba na wenzake. Kuna kostiki soda, alkali kali ambayo huweza kuyafikisha kwenye pH ya 11 au 12 (pH ni kipimo cha asidi na alkali, na 7 ndiyo katikati). Kuna wanga uliopakwa kwenye nyuzi zisikatike wakati wa kufuma, nao huoshwa baadaye. Kuna pia mabaki ya dithionaiti, yaliyogeuka salfaiti na salfeti. Salfaiti ikifika mtoni huinyang'anya oksijeni ambayo samaki walikuwa wanaitegemea. Salfeti nayo ina njia yake ya kudhuru: ndani ya bomba la majitaka lisilo na hewa ya kutosha, bakteria huigeuza kuwa haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hupanda hadi kwenye dari la bomba, ambako bakteria wa aina nyingine huigeuza asidi ya salfuriki, na zege huanza kuliwa taratibu. Katika vitu vyote hivi, ni nili pekee inayoonekana kwa macho.

Na nili, katika kundi hilo, ndiyo iliyo rahisi kuitoa. Kwa kuwa haiyeyuki, ukiyapulizia maji hewa, nili yote hurudi kuwa chembe. Shabu au kloridi ya chuma huzikusanya chembe hizo katika mabonge mazito yanayozama, yakaacha tope chini na maji mepesi juu. Kuna njia nzuri zaidi, nami naipenda kwa sababu haitupi kitu: maji hupitishwa kwa shinikizo kwenye utando wenye vitundu vidogo kuliko bakteria. Maji hupenya, nili hubaki, na ule ujiuji uliokolea huyeyushwa tena kwa dithionaiti na kurudishwa birikani kupaka uzi mwingine.

Kazi ngumu iko kwenye rangi nyingine. Nguo nyingi za pamba zenye rangi kali, nyekundu, machungwa, zambarau, hutiwa rangi ziitwazo tendaji, ambazo hushikana na selulosi ya pamba kwa kifungo cha kikemia. Ndiyo maana hazichuji ovyo. Lakini ndani ya birika molekuli ya rangi ina wachumba wawili, pamba na maji, na ikishikana na maji haiwezi tena kushikana na nguo. Kinachoshika kwenye nguo huwa kati ya asilimia 50 na 90, kutegemea aina ya rangi na ufundi wa mpakaji. Kinachobaki kimeyeyuka kabisa. Hakizami na hakinaswi na chujio la kawaida, na rangi kali huonekana hata ikiwa chini ya miligramu 1 katika lita nzima. Mto ukitiwa giza hivyo, mwanga wa jua hauifikii mimea iliyo chini ya maji.

Mtu angedhani bakteria wataimaliza, kama wanavyomaliza uchafu wa jikoni. Tatizo ni kwamba rangi hizi zilitengenezwa zisishindwe na jua, jasho, sabuni wala vijidudu, na sifa hiyo haiziachi zikiingia bombani. Bakteria wanaopenda hewa huzigusa kidogo tu. Wanaoishi bila hewa wana uwezo mmoja mkubwa: rangi nyingi ni za jamii ya azo, zenye atomi mbili za naitrojeni zilizofungana kwa kifungo maradufu, nao hukikata kifungo hicho. Rangi hupotea.

Hapo ndipo pa kuwa macho. Kikishakatwa, vipande vinavyobaki ni kemikali ziitwazo amini za kiaromatiki, na baadhi yake, kama benzidini, husababisha saratani ya kibofu. Tangu mwaka 1895 daktari mpasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt alikwisha kuripoti uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2002 nguo zenye rangi za azo zinazoweza kuachilia amini hatari za orodha yake. Kwa hiyo tangi lisilo na hewa likitumika peke yake ni hatari. Lazima lifuatwe na tangi lenye hewa nyingi, ambako bakteria wengine huendelea kuzila amini nyingi.

Wengine huunguza rangi kwa ozoni, au kwa chuma na haidrojeni peroksaidi, mchanganyiko ulioelezwa na mwanakemia H. J. H. Fenton mwaka 1894. Huu hutengeneza chembe kali zinazoipasua karibu molekuli yoyote. Lakini hufanya kazi vizuri pH ikiwa karibu 3, na maji yetu yalianza kwenye 11. Yamwagiwe asidi, kisha alkali kuyarudisha katikati, na kila ukipambanisha asidi na alkali unazalisha chumvi.

Chumvi ndiyo inayonisumbua zaidi. Rangi tendaji hukataa kuikaribia pamba bila kusukumwa, hivyo birika hutiwa chumvi, mara nyingi gramu 50 hadi 100 kwa lita. Shabu haiitoi, bakteria hawaili, ozoni haiigusi. Mjini Tirupur, kusini mwa India, majitaka ya wapaka rangi yaliingia kwa miaka mingi katika mto Noyyal, na mashamba yaliyomwagiliwa maji hayo yakaharibiwa na chumvi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliagiza viwanda hivyo vifungwe hadi visimwage chochote mtoni.

Tangu hapo maji husukumwa kwenye utando mwembamba unaozuia hata chumvi, na kinachobaki huchemshwa hadi chumvi iwe chenga. Sehemu yake hurudi kwenye mabirika, maji yake hurudi pia. Lakini kuchemsha kunakula nishati nyingi, na chumvi za aina mbalimbali zilizochanganyika na mabaki ya rangi hazifai tena kupakia nguo. Hizo huwekwa kwenye magunia chini ya paa, mvua isizifikie.