Anakronia ya makusudi: Zama za Kati zinapoletwa redioni kuchekesha

Anakronia ni kitu kuwekwa katika wakati usio wake. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, watu wanaokula njama ya kumuua Kaisari wanasikia saa ikigonga mara tatu, ilhali Roma ya siku zile haikuwa na saa ya kugonga. Pale hakuna aliyekusudia kumchekesha mtu. Kipindi cha vichekesho kinachochanganya maisha ya Zama za Kati (takriban karne ya 5 hadi ya 15 huko Ulaya) na mambo ya leo hulifanya kosa hilohilo kwa makusudi, tena kwa nusu saa nzima, wiki baada ya wiki.

Redio ya Uingereza imeuzoea mtindo huu. Mfano wake ni The Castle, mfululizo ulioanza kurushwa BBC Radio 4 mwaka 2007, James Fleet na Neil Dudgeon wakiwa miongoni mwa waigizaji. Mahali ni ngome na wahusika ni watu wa ngome, lakini mawazo yao, malalamiko yao na misemo yao ni ya watu wa leo. Wengi wakisikia maelezo hayo hudhani kazi ni nyepesi: chukua shujaa aliyevaa deraya, mpe simu, watu watacheka. Watacheka kweli, mara moja. Baada ya hapo mwandishi hana pa kwenda, kwa sababu ile simu haijakaa juu ya kitu chochote.

Kinachobeba kichekesho cha aina hii ni kulinganisha. Jambo la leo linapaswa kutua juu ya jambo la kale ambalo kweli lilikuwepo na lilifanya kazi ileile. Chukua Uingereza ya karne ya 13. Mkulima asiye huru alipokufa, bwana wa ardhi alikuwa na haki ya kumchukua mnyama bora katika zizi la marehemu. Ada hiyo iliitwa heriot. Mara nyingi kanisa nalo lilifuata na kumchukua wa pili kwa ubora. Sasa msimamishe msimamizi wa bwana mlangoni kwa mjane, na umpe sauti tunayoisikia tukipiga simu ya huduma kwa wateja:

"Pole kwa msiba. Ukitaka kumtoa ng'ombe, sema moja. Ukitaka kumtoa ng'ombe pamoja na ndama, sema mbili."

"Na nikitaka kubaki naye?"

"Samahani, chaguo hilo halipo. Tafadhali subiri hapohapo, padri anafuata kwenye foleni."

Hapo hakuna simu wala kifaa chochote. Kilichohama kutoka zama zetu ni namna ya kusema tu. Ng'ombe, msimamizi, padri na ile ada ni vya kweli. Msikilizaji anacheka, na papo hapo ameuelewa unyang'anyi uliokuwa sheria. Hata asiyewahi kulisikia neno heriot hapotei, maana foleni ya simu anaijua, na ng'ombe wa mjane hahitaji kuelezwa.

Jozi za namna hii ziko tele kwenye kumbukumbu za Uingereza ya karne ya 14. Tauni ya 1348 ilipoua watu wengi, vibarua wakawa adimu na wakadai malipo makubwa. Sheria ya 1351 ikaamuru walipwe kama ilivyokuwa kabla ya tauni: mtu anaweza kuisoma kwa sauti ileile ya waraka wa utumishi unaobandikwa ofisini. Sheria ya 1363 ilipanga nani avae kitambaa gani kulingana na cheo chake, na huo ni mwongozo wa mavazi kazini. Kodi ya kichwa iliyozua uasi wa 1381 ilidaiwa kwa kila mtu aliyezidi miaka 15, na kiwango chake kilikuwa peni 12 kwa kichwa. Mwandishi anayezijua tarehe hizi hakosi kipindi cha wiki ijayo. Asiyezijua huishia kwenye matope, panya na meno mabovu, na mambo hayo huisha utamu kabla ya kipindi cha pili.

Sharti jingine: mhusika asijue kwamba anachekesha. Msimamizi yule lazima aamini kabisa kwamba "chaguo hilo halipo" ni maneno ya kawaida ya mwaka 1250. Akisita kidogo, au akitoa kicheko cha pembeni, msikilizaji anaamshwa na ngome yote inaporomoka. Ndiyo maana waigizaji wazuri wa vipindi hivi husema mistari ya ajabu kwa uzito wote, kama watu walio mahakamani.

Lugha nayo ina kipimo chake. Kiingereza cha vipindi hivi huanza sentensi kwa maneno ya kizamani na kuimalizia kwa maneno ya mtaani. Kwa Kiswahili tunayo nafasi hiyo, pengine kubwa zaidi: "Ewe mwana wa watu, nakusihi kwa taadhima, nitumie hiyo hela mapema, mambo yamenikaba." Nusu ya kwanza inajenga kasri, nusu ya pili inalibomoa. Lakini mgongano mmoja kwa sentensi unatosha. Ukizidisha lugha ya kale, msikilizaji anachoka kutafsiri. Ukizidisha ya mtaani, anasahau kwamba yuko ngomeni.

Kwa nini redioni? Kwa sababu kwenye runinga ngome ni lazima ijengwe au ikodiwe, na farasi wanahitaji malisho, ila redioni farasi ni vifuu viwili vya nazi. Fundi wa milio huvishika, kimoja kila mkono, na kuvigonga kwenye sinia lenye mchanga au kokoto. Ufundi wenyewe uko kwenye mapigo. Farasi akitembea husikika mapigo manne yaliyoachana sawasawa, akienda mchapuko ni mawili, na akikimbia wastani ni matatu kisha kituo kifupi. Mgongaji asiyejali hupiga mapigo yaleyale kila mara, na mjumbe aliyeleta habari za vita anasikika kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Ukumbi mkubwa hupatikana kwa kuongeza mwangwi kwenye sauti, na uwanja wa wazi kwa kuuondoa kabisa. Mwigizaji akitaka kusikika anaingia, huanza hatua mbili tatu nje ya maikrofoni na kusogea huku anazungumza.

Milio ikizidi, huharibu. Eneo moja likiwa na moto, upepo, mbwa, minyororo na kengele, maneno humezwa, na vipindi hivi huishi kwa maneno. Mlio mmoja mwanzoni wa kutuambia tuko wapi, kisha kimya, hutosha. Wahusika nao wasizidi wanne katika mazungumzo mamoja, na kila mmoja atajwe jina mapema, kwa sababu sikio halioni nani amesimama pembeni. Mtu aliyenyamaza kwa dakika nzima redioni huwa ameshatoka chumbani, hata kama mwandishi bado anamhesabu.

Urefu unahesabika. Kipindi cha nusu saa hubakiwa na takriban dakika 28. Mazungumzo ya kasi ya kawaida ni kama maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo dakika 28 zingebeba maneno 4,200 kama kusingekuwa na kingine. Ukirekodi mbele ya hadhira, kama inavyofanyika mara nyingi Uingereza, vicheko hula dakika kadhaa, na muziki na milio hula nyingine. Anayeandika maneno 4,200 kamili atalazimika kukata wakati wa kuhariri, na kinachokatwa kwa haraka huwa ni ule mstari uliobeba maelezo ya ada au sheria. Ukiondoka huo, kichekesho cha mwisho hakina mguu wa kusimamia.

Kuna makosa mengine mawili yanayorudiwa sana. La kwanza ni kumtaja mwanasiasa au msanii anayevuma wiki hii, halafu kipindi kirudiwe miaka mitano baadaye na hakuna anayecheka. Taja tabia, kama foleni, fomu, mkopo au kikao kisichoisha, hizo hazizeeki. La pili ni anakronia isiyokusudiwa kujipenyeza kati ya zile za makusudi. Mkulima wa 1300 anayekula viazi, au anayevuta tumbaku, amekosewa tu, maana mazao hayo yalitoka Amerika na kufika Ulaya baada ya safari ya Columbus ya 1492. Msikilizaji anayelijua hilo ataanza kushuku kila kitu, hata ile heriot ya kweli.

Kosa hilo lingetunasa haraka na sisi, kama mtu angeandika kipindi cha aina hii juu ya pwani yetu ya karne ya 14. Mahindi, mihogo, korosho na mapapai vyote ni wageni waliokuja baada ya 1492. Mezani weka wali, mtama, nazi, samaki na ndizi. Malighafi ipo. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipopita pwani hii mwaka 1331, kabla ya kufika Kilwa, alieleza alichokiona Mogadishu: merikebu ikikaribia, vijana wa mji waliifuata kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, anamkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara huyo alifikia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyeuza na kununua bidhaa kwa niaba yake.

Yeyote aliyewahi kushuka kwenye basi na begi lake likashikwa na mikono mitatu anawajua vijana hao. Wape maneno ya wapiga debe, kila mmoja akidai kwamba sahani yake ndiyo inaondoka sasa hivi, imebaki nafasi moja tu. Sahani, mashua na mfanyabiashara viache kama Ibn Battuta alivyoviacha. Mlio wa kuanzia ni kasia moja majini.