Odi ya poti si ekwiti

Jumamosi iliyopita, kwenye meza ya poka, mwenzangu mmoja alikuwa na kopa nne mkononi, akisubiri ya tano ili apate karata tano za aina moja, na karata moja tu imebaki kugawiwa. Akasukuma chipu zake katikati ya meza akisema, "Odi zangu ni asilimia 25, hapa sitoki." Ikaja shupaza. Kwamba alipoteza si neno, karata ndivyo zilivyo. Kilichonikaa kichwani ni ile sentensi yake, maana huisikia karibu kila wiki, na kila anayeisema amechanganya vitu viwili ambavyo kazi yake yote ilikuwa avipambanishe.

Odi ya poti ni bei: kilichomo kwenye poti, yaani chipu zote zilizokusanyika katikati ya meza, ukilinganisha na unachotakiwa kulipa ili uendelee. Ekwiti ni fungu lako: sehemu ya poti ambayo ingekuwa yako kwa wastani kama hali hiyohiyo ingechezwa mara elfu. Bei unaisoma kwenye chipu, fungu unalikadiria kwa karata. Fungu likizidi bei, unafuata dau, lisipozidi, unatupa karata.

Maneno yenyewe yanatoka pande zinazopingana. Odi ni "odds" ya Kiingereza, na mzizi wake ni neno la Kinorse cha kale, oddi, lililomaanisha ncha, kisha pembe ya tatu ya pembetatu, kisha ile namba inayobaki bila mwenzake. Sisi tungesema witiri. Kwa Waingereza likawa jina la mambo yasiyolingana, na kutoka hapo likaingia kwenye kamari: pengo kati ya dau la huyu na la yule. Ekwiti inatoka kwenye Kilatini aequitas, yaani usawa. Moja imezaliwa na kutolingana, nyingine na kulingana.

Safari ya ekwiti ndiyo inayonivutia zaidi. Uingereza, mtu aliyeweka shamba rehani akachelewa kulipa alilipoteza moja kwa moja kisheria. Mahakama ya Chansela, iliyohukumu kwa misingi ya haki na usawa, ikaanza kumruhusu alikomboe hata baada ya siku kupita, na kufikia karne ya 17 haki hiyo ilikuwa imekomaa. Ikaitwa ekwiti. Polepole neno likahamia kwenye thamani inayombakia mwenye mali baada ya deni kutolewa, kisha kwenye hisa za kampuni, na mwishowe kwenye meza ya karata. Kote huko ekwiti ina mwenyewe. Ndiyo maana unaweza kusema "ekwiti yangu". Odi ya poti haina mwenyewe: yeyote atakayekaa kwenye kiti chako atakuta bei ileile, hata kama karata zake ni takataka. Kwa hiyo kosa la mwenzangu limo kwenye neno dogo, "zangu".

Mchezo wa stadi wa karata saba, aina mojawapo ya poka, unalionyesha jambo hili waziwazi, kwa sababu karata nne za kila mchezaji hulazwa wazi. Chukua meza ya watu wanane, madau ya 1,000 mwanzoni na 2,000 kuanzia karata ya tano, kila mmoja akianza kwa kuweka 200. Mwenye karata ya wazi iliyo ndogo kabisa analazimika kuweka 300. Mtu mmoja anapandisha hadi 1,000, wewe unafuata, sita wanatupa: poti ni 3,900. Karata ya nne kila mmoja anaweka 1,000, ya tano 2,000. Kwenye karata ya sita mpinzani, mwenye jozi ya mfalme wazi, anaweka 2,000 nyingine. Sasa poti ina 11,900 na wewe unadaiwa 2,000. Bei ni karibu sita kwa moja, yaani unahitaji kama asilimia 14.4 (2,000 kati ya 13,900, poti ikiwa pamoja na malipo yako).

Una kopa nne. Umeziona karata sita zako, nne za wazi za mpinzani na sita za waliotupa, moja ya wazi kwa kila mmoja. Zimebaki 36 usizozijua. Kama hukuona kopa nyingine yoyote, zimebaki tisa, robo kamili, na unalipa bila kusita. Lakini kama tatu zilikuwa kwa waliotupa na mbili zimelala mbele ya mpinzani, zimebaki nne, asilimia 11.1. Hapo unatupa, hata ukihesabu dau moja zaidi ambalo ungelipwa mwishoni. Poti haikubadilika hata chipu moja. Fungu ndilo lililopungua kwa zaidi ya nusu. Na karata zikishatupwa hazirudi kuangaliwa, kwa hiyo asiyezikumbuka hana ekwiti ya kulinganisha na chochote. (Hata ile robo si ekwiti kamili, maana unaweza kupata kopa ya tano na mpinzani akajaza nyumba, yaani akapata tatu za namba moja na jozi ya nyingine, mkono unaoushinda wako.)

Tuliozoea mikeka ya mpira tuna mtego mwingine. Odi ya 6.00 kwenye mkeka inarudisha pamoja na dau lako. Sita kwa moja ya poti ni faida peke yake, dau liko nje. Ukigawa moja kwa sita unapata asilimia 16.7, ilhali ulipaswa kugawa kwa saba.

Mashindano nayo yanaongeza uzito upande mmoja tu. Wamebaki tisa, wanane ndio watakaolipwa, na hizo 2,000 ndizo chipu zako za mwisho: bei ya poti ni ileile asilimia 14.4, lakini fungu linalotosha limepanda, kwa sababu chipu unazopoteza zinakutoa ukumbini kabla ya zawadi, na chipu unazoshinda hazina thamani kubwa kiasi hicho.

Kopa za mwenzangu sikuzihesabu usiku ule, pengine alikuwa sahihi kulipa. Ila ndugu yangu, Jumamosi ijayo sema hivi: "Poti inanipa sita kwa moja, na mimi nina robo."